Mgonga Chungu wa Vuhanza

Mgonga chungu si adui wa mfinyanzi.

Maneno hayo Bibi Namsifu aliyasema bila kuinua macho, mikono yake ikiendelea kuchambua maharage kwenye ungo. Aliyekuwa akiambiwa ni mjukuu wake, Niwaeli, aliyerudi kutoka mjini amenuna. Niwaeli na wasichana wenzake wawili walitaka kuanza biashara ya unga wa tangawizi, na kila mmoja alikuwa ametafutiwa mfanyabiashara mkongwe wa kumlea katika kazi hiyo. Wenzake walipata walezi wenye maneno matamu. Yeye alipata mama mmoja mwenye duka la viungo, ambaye alifungua pakiti yake, akanusa, akaonja, kisha akasema, "Huu bado si wa kuuza. Nenda kaukaushe tena." Sasa Niwaeli alitaka atafutiwe mlezi mwingine, asiye na roho mbaya.

"Methali hiyo ndiyo kwanza naisikia, bibi," alisema mmoja wa wale wasichana. "Imetoka wapi?"

Bibi Namsifu akauweka ungo chini. "Imetoka humu humu milimani kwetu Upare, na haikutoka kwa raha. Kaeni. Chanzo chake ni hiki."

Hapo zamani kijiji cha Vuhanza kilisifika kwa vyungu. Udongo wake ulikuwa mwekundu na wenye kunata, na kila msichana alifunzwa na mama yake kuuponda, kuukanda na kuufinyanga. Lakini kuuza lilikuwa jambo jingine. Wachuuzi walipanda mlima, wakavichukua vyungu kwa bei waliyoitaka wao, wakavishusha kwenye gulio la Mferejini kule tambarare. Mwanamke wa Vuhanza alikuwa na kungwi wa kumfunda mambo ya ndoa, na alikuwa na mama wa kumfunza udongo. Wa kumfundisha soko hakuwa naye.

Nakiete alikuwa mwanamke kijana aliyeachika na kurudi kwa kaka yake akiwa na mtoto mgongoni. Kaka hakumsema vibaya hata siku moja. Ila mpakuaji wa chakula alikuwa wifi yake, na kila siku sehemu ya Nakiete ilizidi kupungua. Aliliona hilo, akanyamaza. Moyoni aliazimia kuvishusha vyungu vyake mwenyewe, auze, ale jasho lake na mwanawe. Tatizo ni kwamba gulio hakulijua. Hakujua apange wapi, amwamini nani, wala watu wa tambarare wanapenda chungu cha namna gani. Mgeni kipofu, walisema wahenga, naye hakutaka kwenda kupapasa. Akaamua kutafuta mtu wa kumshika mkono.

Katika kijiji kizima wanawake waliolijua gulio walikuwa wawili tu. Mmoja ni Mama Senzia, mke wa mchuuzi, mtu wa watu, ambaye mume wake alikuwa akishuka naye mara kwa mara. Wa pili ni Nambike, mjane mzee aliyeuza vyungu vyake mwenyewe miaka yote, na huyo hakupendwa.

Sababu ya kutopendwa ilikuwa hii. Chungu kikigongwa kwa kifundo cha kidole, kama ni kizima hulia vizuri. Chenye ufa usioonekana hutoa sauti nzito, iliyokufa. Mnunuzi alikuwa na haki ya kugonga. Lakini pale Vuhanza mfinyanzi hakugonga chungu cha mfinyanzi mwenzake. Huo ulikuwa mwiko, kwa sababu waliamini ni kumtupia mwenzako kijicho, na chungu kikipasuka baadaye, lawama zilimwendea aliyekigonga. Nambike aliugeuzia mwiko huo mgongo. Chungu chochote kilichowekwa mbele yake, kiwe cha nani, alikigonga. Kwa hiyo watu walimwepuka, na watoto walikatazwa kupita mlangoni pake na chungu kibichi.

Hata hivyo Nakiete alianza kwake, kwa kuwa alisikia ndiye mjuzi zaidi. Alibeba vyungu vitatu, akapiga hodi, akaeleza shida yake. Nambike alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakichukua chungu cha kwanza, akakining'iniza kwa vidole, akakigonga. Akakiweka kando. Akagonga cha pili. Cha tatu, kile kikubwa ambacho Nakiete alikipenda kuliko vyote, alikigonga mara mbili.

"Hiki kimekufa," alisema.

Nakiete alikinyakua, akakigeuza huku na huku. "Kimekufaje, bibi? Hakina hata mkwaruzo."

"Ulikikausha wapi?"

"Juani. Nilikuwa na haraka."

"Udongo hauna haraka. Hivi viwili vitafaa. Hiki kivunje, usikiuze. Kisha urudi, tuanze upya pamoja."

Nakiete hakuyasikia yale maneno ya mwisho. Alichosikia ni kwamba chungu chake kimegongwa, na kwamba kimeitwa maiti. Alivikusanya vyungu vyake akatoka analia, akajisemea, "Walionionya walinionya kweli, mwanamke huyu ana kijicho."

Kwa Mama Senzia mambo yalikuwa mengine kabisa. Alikaribishwa ndizi mbivu, akaitwa mwanangu. Mama Senzia alikizungusha kile chungu kikubwa mikononi, akakisifia shingo, akakisifia tumbo. "Vyungu kama hivi havihitaji mwalimu," alisema. "Wewe njoo tu, tutashuka wote." Akamfundisha kukipaka utomvu kikiwa cha moto ili king'ae. Nakiete akakipasha juu ya makaa yasiyo na moshi, akakipaka, kikang'aa mpaka ukakiona kivuli chako ndani yake. Kama kulikuwa na ufa, hakuna jicho ambalo lingeuona tena.

Walishuka Mferejini. Mama Senzia alijua kuita wateja, na hilo nalo ni kazi, tusimnyime haki yake. Kabla jua halijawa kali vyungu vyote vilikuwa vimekwisha. Kile kikubwa kilichukuliwa na mama mmoja wa tambarare aitwaye Bi Mashavu, aliyevutiwa na mng'ao wake na hata hakukumbuka kukigonga. Nakiete alipanda mlima akiwa na mtama, chumvi na kitambaa cha mtoto. Alipopita mlangoni kwa Nambike aliinua shingo makusudi, ili aonekane.

Furaha hiyo haikuchukua muda. Gulio lililofuata, wakati Mama Senzia ndiyo kwanza anawaita watu, Bi Mashavu alitokea na kikapu. Hakupiga kelele. Aliinama, akamwaga vigae mbele ya mkeka.

"Hiki ni chako?"

Nakiete aliitambua mistari aliyozoea kuichora shingoni mwa vyungu vyake. "Ni changu, mama."

"Kilikuwa mafigani, maharage yanachemka. Kikaachana katikati. Mjukuu wangu alikuwa amekaa karibu na moto." Bi Mashavu aligusa mguu wake mwenyewe. "Mguu, mwanangu. Kutoka kwenye goti kushuka chini kote."

Watu wakaanza kujaa. Mama Senzia akaanza kukunja mkeka. "Mimi huyu nilimsindikiza tu," aliwaambia. "Vyungu ni vyake, aulizwe mwenyewe." Akajitwika mzigo wake, akaenda zake. Hapo Nakiete akajua kwamba hakuwahi kuwa na mlezi.

Bi Mashavu aliketi chini kando ya vigae. "Nina swali moja," alisema. "Kwenu mnafinyanga wengi. Chungu hiki kimetoka motoni, kimekaa, kimeshushwa mlima wote huu. Hakuna hata mtu mmoja aliyekigonga?"

Nakiete angeweza kusema hapana. Hakuna aliyejua pale.

"Yupo aliyekigonga," alijibu.

"Akasemaje?"

"Alisema kimekufa. Akaniambia nikivunje."

"Nawe ukamwonaje mtu huyo?"

"Nilimwona adui yangu."

Bi Mashavu alimtazama. Katika macho yake hasira ilikuwa ndogo kuliko uchovu. "Basi ungetafuta maadui wengi zaidi, mwanangu," alisema.

Nakiete aliokota vigae vyote, akavitia kwenye nguo, akapanda navyo mlima. Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Nambike, akavimwaga sakafuni, akasimulia. Alitegemea kusutwa, na angeliona ni haki yake. Nambike aliuliza, "Mtoto yu hai?" Alipoambiwa yu hai, aliingia ndani akatoka na asali. "Kesho mapema mpelekee, umpake mguuni. Mengine baadaye." Kisha, kana kwamba anajisemea mwenyewe, akaongeza, "Mimi nikigonga, unalia wewe peke yako. Moto ukigonga, analia na asiyehusika."

Habari zilizagaa. Wanawake wa tambarare waliapa hawatapikia tena chungu cha Vuhanza, na wachuuzi wakaacha kupanda. Nyumba nyingi zilianza kulala na njaa. Ndipo wafinyanzi wakakutana kwenye machimbo ya udongo kutafuta mkosaji, na mkosaji hakuwachukua muda kumpata. Mama Senzia ndiye aliyesimama wa kwanza. Alisema chungu kilikuwa kizima mpaka kilipogongwa na Nambike. Kijicho chake ndicho kilichokipasua. Wengi wakaitikia. Wakataka mjane yule akatazwe kuchimba udongo pale maisha yake yote.

Nambike alikuwapo. Hakujitetea. Alikuwa mzee, na alikuwa amekwisha kuzoea.

Nakiete aliona njia imefunguka mbele yake, pana na nyepesi. Angenyamaza tu, kosa lingekuwa la mwingine, naye angerudi kuwa mtoto wa kijiji aliyeonewa. Akamtazama Nambike. Akaukumbuka ule mguu aliokuwa akiupaka asali, na jinsi mtoto alivyomng'ang'ania mkono akilia. Akainuka, akafungua nguo aliyovifungia vile vigae.

"Sogeeni mtazame," alisema. "Ninyi nyote ni wafinyanzi, siwezi kuwadanganya. Hapa ndipo kilipovunjikia jikoni kwa Bi Mashavu. Pana rangi gani?"

"Pekundu," akajibu mmoja.

"Na hapa?"

Walisogea. Ukingo wa kigae kile ulikuwa mweusi tangu nje hadi ndani, umeingiwa na moshi, na juu yake ulikuwa umegandiwa na utomvu.

"Ufa mpya hauna moshi," alisema Nakiete. "Ufa huu ulizaliwa motoni, siku nilipokichoma, kabla Nambike hajakiona kwa macho. Niliufanya mimi kwa haraka zangu. Niliufunika mimi kwa utomvu. Yeye aliusikia akaniambia, nami nikamchukia kwa sababu aliniambia. Mtoto wa watu ameungua kwa sababu nilitaka kusifiwa." Akakiinua kile kigae juu, wote wakione. "Msimfukuze. Mgonga chungu si adui wa mfinyanzi."

Mwanamke mmoja akaondoka bila neno, akarudi na chungu chake kipya. Akakiweka mbele ya Nambike. "Nigongee," alisema. Kikatoa sauti iliyokufa. Akakichukua akakivunja mwenyewe juu ya jiwe. Wa pili akafuata, na wa tatu.

Tangu siku hiyo Nakiete aliambatana na Nambike. Alifunzwa kukausha kivulini, kungoja, na kukaa gulioni hata pasipo na mnunuzi. Siku za mwanzo walikuwa wakipanga vyungu, Nambike anavigonga kimoja kimoja hadharani, na watu wanapita. Wakati mwingine alitangaza mbele za watu kwamba kimoja kimekufa, na Nakiete akakivunja palepale, uso umemshuka kwa aibu. Waliendelea hivyo mpaka siku Bi Mashavu aliposimama mbele yao. Alichagua chungu, akampa Nambike, asimpe Nakiete. "Kigonge," alisema. Kikalia. Akalipa, akaondoka nacho, na waliokuwa wakimtazama wakaanza kusogea mmoja mmoja.

Baadaye Nambike alipofariki, wasichana waliotaka kuuza walimwendea Nakiete. Aliwapokea wote. Lakini kwanza aliomba awekewe chungu mbele yake.

Bibi Namsifu aliurudisha ungo mapajani. Niwaeli ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, "Na yule mtoto, bibi? Alipona?"

"Jeraha lilipona. Mguu haukunyooka. Alikua, akaolewa, akazaa, akatembea akiuburuta mguu huo mpaka walipomzika." Bibi akaokota jiwe katika maharage, akalitupa. "Wewe umesema yule mama ana roho mbaya. Sikatai, simjui. Ila uliza kwanza, angenyamaza, ni nani angelipa? Maneno haya hatukuyapata bure, mjukuu wangu. Yalilipiwa na mguu wa mtoto ambaye hakuwa mfinyanzi wala mchuuzi. Ndiyo maana sisi tukiyasema hatucheki. Mgonga chungu si adui wa mfinyanzi."