Kisima Kisicho na Kibali

Afisa wa bodi ya maji alishuka garini, kufuli mkononi. "Kisima hiki hakina kibali. Nakifunga leo leo!"

Kijiji kizima kilikimbilia ndoo kwa hofu ya kiu. Mbeyu, mwenye digrii ya jiolojia na kazi ya kuchunga mbuzi, akacheka.

"Funga tu, bosi. But ripoti yako ya kufunga si lazima iseme kisima kina maji kiasi gani? Kinapimwa kwanza kwa pampu, saa ishirini na nne. Ama hujui?"

"Nilijua kabla hujazaliwa!" afisa akafoka, akaagiza pampu na dizeli ya serikali.

Kesho yake, maji yakiwa bado yanabubujika, akaandika vipimo, akagonga muhuri, akampa Mbeyu nakala.

Mbeyu akaichomeka kwenye faili kuukuu, akamkabidhi. "Thank you, mkubwa. Ombi letu la kibali lilikwama kwako mwaka mzima kwa kukosa karatasi hii tu. Sisi pampu tungeitoa wapi?"