Kadi Ukutani, Kitabu Mezani

Fisi alifika njia panda, akanusa nyama huku na nyama kule, akataka kuzifuata njia zote mbili kwa pamoja. Hakufa kwa njaa wala kwa mshale. Alipasuka msamba kwa sababu hakutaka kuchagua. Wengi wakisimuliwa kisa hicho hucheka. Kiongozi mmoja wa watengenezaji programu, ambaye wenzake walimwita Injinia, naye alikuwa miongoni mwa waliocheka.

Injinia alipewa kazi ya kutengeneza programu ya dawa katika hospitali ambamo dada yake mkubwa alikuwa muuguzi. Siku ya kwanza tu timu iligawanyika. Mkongwe wao alitaka kila kitu kiandikwe kwanza kwenye kitabu cha mpango, kitiwe saini, ndipo kazi ianze. Binti mmoja, fundi hodari, alitaka wajenge kipande kwa kipande, wauguzi waonyeshwe kila baada ya wiki mbili, na mabadiliko yaandikwe kwenye kadi ukutani.

"Chagua moja, bosi," mkongwe alisema. "Hata kama si yangu."

"Kweli kabisa," binti akaitikia. "Tutafuata utakayoamua."

Injinia, maskini, hakuwa mtu wa kumuudhi yeyote. "Tugombane ya nini? Tutafuata zote."

Basi kitabu kikaandikwa, kurasa mia mbili, na kadi zikabandikwa. Nusu ya timu ilisoma kitabu, nusu ilisoma ukuta. Wakibishana, Injinia aliwapoza wote kwa maneno matamu, kila upande ukaondoka ukidhani umeshinda.

Wiki ya kumi, dada yake alikuja kuijaribu programu.

"Mdogo wangu, mgonjwa mwenye mzio, onyo jekundu litokee kabla sijampa dawa. Wodini tunakimbizana, nafasi ya kupekua mafaili hatuna."

"Hilo limekwisha, dada. Ondoa shaka."

Binti aliandika kadi, akatengeneza onyo, akaihamishia kadi kwenye safu ya kazi zilizokamilika. Mkongwe, aliyeshika kumbukumbu za wagonjwa, hakuingiza habari za mzio, kwa kuwa kitabuni hazikuwemo na hakuna aliyeleta ukurasa mpya wenye saini. Injinia aliitazama kadi, akakitazama kitabu, akaridhika na vyote viwili. Onyo lilikuwepo, ila halikuwa na habari ya kulifanya liwake.

Programu ilianza kutumika Jumatatu. Alhamisi adhuhuri, dada yake alimchoma mgonjwa sindano ambayo faili lake la zamani lilimkataza. Alikuwa ametazama skrini kwanza, hakuona chochote chekundu. Mgonjwa, mama wa watoto watatu, alikata roho kabla ya jioni.

Injinia alimkuta dada yake kwenye benchi la korido, nje ya chumba walimokuwa watoto wa marehemu, ameshasimamishwa kazi, sare ingali mwilini.

"Niliangalia," dada alisema. "Wallahi niliangalia. Nilikuamini wewe kuliko faili."

"Dada, nilitaka kila mtu aridhike."

"Haya. Ingia mle ndani, kawaulize wale watoto kama wameridhika."

Injinia hakuingia; aliketi benchini kando yake. Alilia kwa aibu na majuto, lakini majuto ni mjukuu. Dada yake alivua kitambulisho chake, akamwekea mapajani, akaondoka bila kugeuka nyuma. Ama kweli, njia mbili zilimshinda fisi.