Kwa Nini Mtu Akizimia Hupepewa

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwapo. Nilikaa juu ya kichuguu, upande wa jua wa uwanja wa kupuria mtama, nimekunja miguu, vumbi la makapi likiniwasha shingoni. Wapo wanaosema mambo haya yalitukia kabla babu yangu hajaota meno. Hao waende wakamuulize mama yangu alinizaa lini, na kwa kuwa mama ameshatangulia mbele ya haki, basi wanyamaze, wanisikilize mimi niliyebaki.

Enzi hizo pumzi ya mtu haikukaa kifuani. Shule niliiachia darasa la sita, siku mwalimu alipochora mapafu ubaoni akasema pumzi ya binadamu hukaa humo. Nikamwambia, "Siku hizi, mwalimu. Siku hizi." Akanichapa, nikatoka, sikurudi tena. Lakini sikuwa nimesema uongo. Zamani kifua kilikuwa nyumba ya moyo peke yake. Pumzi ilikaa chini ya kitovu, pale unapopita mkanda wa suruali leo, nayo ilikuwa na joto kama yai lililotoka sasa hivi kwa kuku. Mtu alipanda mlima asiheme. Bibi kizee alibeba gogo kichwani huku akisengenya jirani, na umbea wake haukukatika hata pa kumeza mate. Homa ilipokuja ilimkuta mtu amejaa, ikakosa pa kukaa, ikapita zake. Walipokutana njiani hawakuulizana "u mzima?" kwa mdomo wakajibiana kwa mdomo. Mmoja alimwekea mwenzake kiganja chini ya kitovu, akasikiliza, kama mtu anayegusa mtungi kujua maji yamefika wapi. Wote walisalimiana hivyo, isipokuwa mtu na mama mkwe wake. Hao hawakugusana wala kutazamana usoni. Mmoja akimwona mwenzake njiani, aliingia porini mpaka apite.

Na mieleka yetu haikuwa ugomvi. Pumzi ina tabia ya kupanda. Hofu huipandisha, hasira huipandisha, pupa huipandisha, na ikishapanda mtu huugua. Sasa utajuaje kama ya mwenzako imepanda? Unamsukuma. Aliyejaa chini hasukumiki, ni kama kinu kilichofukiwa. Aliyepandisha huanguka kwa kidole. Kwa hiyo kila baada ya mavuno, mtama ukishapurwa, tulishikana palepale uwanjani juu ya makapi, tukasukumana taratibu, na aliyeanguka alijulikana kuwa ni mgonjwa. Hapo aliyemwangusha hupiga magoti, humwekea kiganja, humtia pumzi yake kidogo, na ile iliyopanda ikiona mwenzake yuko chini nayo hushuka. Sheria ilikuwa fupi: mwangushaji ndiye mwinuaji. Ngoma haikupigwa. Hakuna aliyesifiwa kwa kumwangusha mtu, kama ambavyo hakuna anayesifiwa kwa kutikisa kibuyu asikie kama kuna mtindi.

Bora kuliko wote katika kazi hiyo alikuwa Luhende, mchunga ng'ombe, mrefu, mpole, mwenye kiganja kizito kama ngozi ya kulalia. Mimi mwenyewe niliwahi kushikana naye, na nilikaribia kumtikisa. Kwa bahati mbaya mashahidi wote wamekwisha kufa. Dada yake Luhende aliitwa Mbuke, na Mbuke aliolewa na Nkwabi, mfuma vikapu, mtu mfupi, mwenye kikohozi cha tangu utoto na mdomo usiojua kulala. Pumzi ya Nkwabi ilipanda kila mwaka, na kila mwaka Luhende alimwangusha na kuishusha. Ndivyo alivyokuwa akiishi yule mtu, kutoka mavuno hadi mavuno.

Wanawake wengine huwaomba kaka zao wasimguse mume. Mbuke, mtama ulipoanza kuinamisha vichwa, alimfuata kaka yake zizini.

"Kaka, mwaka huu umwangushe vizuri shemeji yako. Amekuwa mwepesi. Jana nimemsikia akihema, na alikuwa amekaa tu anafuma."

"Nitamwangusha mpaka aombe ugali wa pili."

"Usinitanie. Nakuomba."

"Nimesikia, Mbuke. Nani mwingine wa kumwangusha kama si mimi?"

Mwaka huohuo akaja kwetu manju, mtunga nyimbo kutoka ng'ambo ya mto, na ngoma yake mgongoni. Alitazama mieleka akashangaa watu wanaanguka na hakuna anayeimba. Akaona huo ni ufukara. Luhende alipomwangusha mtu wa kwanza, manju akamtungia wimbo, jina lake likazungushwa uwanja mzima na ngoma nyuma yake. Luhende hakuwahi kusikia jina lake likirudi hivyo. Akainua kifua ili alisikie vizuri. Nilikuwa karibu, niliona mbavu zikifunguka kama mlango wa ghala, na pumzi ikapanda kulifuata jina, ikafika kifuani, ikakuta mahali papana penye upepo na pa kutazamia watu. Ikakaa. Ni tamu ile, sitaki kuwadanganya. Haijapata kutokea tamu kama ile.

Kuanzia hapo kila mwanamume akataka wimbo wake, na kila mwanamke akaitikia tangu asubuhi mpaka koo zikawasha. Watu wakatembea kifua mbele, kijiji kizima kikawa kama majogoo. Hakuna aliyejisikia mgonjwa, maana aliyejaa kifuani hujiona mzima kuliko wazima. Aliyebaki nje ya mambo hayo ni Nyamizi tu, mama yao Luhende na Mbuke. Mkwe wake Nkwabi alishinda uwanjani, kwa hiyo adabu ilimtaka yeye abaki nyuma ya ua, akipepeta mtama kwa ungo wake, pumzi yake ikiwa palepale alipozaliwa nayo.

Nkwabi aliona mapema kuliko wengine, ila mcheshi akisema kweli watu hucheka.

"Shemeji," alimwambia Luhende, "umemeza ungo?"

"Hiki ni kifua cha mwanamume."

"Basi kishushe kidogo, kinanizibia jua."

Watu wakacheka. Luhende hakucheka, alikuwa anasubiri wimbo.

Zamu ya Nkwabi ilipofika aliingia uwanjani akikohoa, akamshika shemeji yake mabegani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Taratibu, shemeji. Mwaka huu hata kuku akinikanyaga naanguka." Nilimsikia kwa masikio yangu. Sasa, ule msukumo wa zamani, wa taratibu, wa kumlaza mtu kama unalaza mtoto, hauna wimbo. Utauimbia nini? Luhende akamnyanyua Nkwabi juu ya kichwa, akamgeuza huku na huku ili pande zote zione, kisha akambwaga.

Manju alikuwa katikati ya kiitikio. Luhende akasimama mikono juu, akausikiliza wimbo mpaka mwisho, na hapo katikati, kati ya kubwaga na kupiga magoti, ndipo sote tulipopotelea.

Alipopiga magoti akamwekea Nkwabi kiganja chini ya kitovu, akasukuma. Pumzi haikupita mkononi. Ilimtoka Luhende mdomoni, haa, kama ya mtu anayetua gunia. Akasukuma tena. Haa. Akakitazama kiganja chake mbele na nyuma, kama mtu aliyepewa mkono usio wake.

"Shemeji, acha utani," akasema. "Shemeji, amka, watu wanatazama."

Midomo ya Nkwabi ilikuwa inageuka majivu. Mbuke akafika, akapiga magoti upande wa pili.

"Kaka, mwinue."

"Namwinua."

"Humwinui, kaka. Unampigia kelele."

Luhende akawaita wengine. Walikuja wanaume wenye vifua, mmoja baada ya mmoja, wakapiga magoti, wakasukuma, na kila mmoja akatoa haa yake akasimama kumpisha mwenzake. Mimi nami nilishuka kichuguuni nikajaribu. Nilitoa haa kubwa kuliko wote. Mbuke mwenyewe alijaribu, naye alikuwa kiongozi wa kiitikio tangu alfajiri. Kikatoka kilio peke yake.

Hapo Nyamizi akatokea kwenye ukingo wa uwanja. Alikuwa amesikia kimya baada ya wimbo, akaja na ungo wake mkononi, makapi yangali yamo. Watu wakamtazama, na wote, hata wale waliokwisha kusahau, wakakumbuka kuwa pumzi ya mama huyu haijapanda. Yuko mmoja wa kumwinua Nkwabi. Mmoja tu, na ni mama mkwe wake.

"Mama, mwekee mkono," Mbuke akasema.

"Ni mkwe wangu, Mbuke."

"Anakufa, mama."

"Naona."

Akapiga hatua. Mzee mmoja kando yangu, mtu wa heshima, wala hakuwa na ubaya na mtu, akasema kwa upole, "Nyamizi, ukishamgusa tumbo mkweo utaingia nyumba ya nani?" Mguu wa mama yule ulikuwa hewani. Niliuona. Akaurudisha ulipotoka.

Siwezi kumlaumu. Kila usiku nafsi yangu huniambia, ungekuwa wewe ungeenda, nami huijibu kwamba nilikuwapo na sikumsukuma mgongoni, wala sikumwambia yule mzee anyamaze. Hakuna aliyemwambia. Tulikuwa na vifua vikubwa namna ile, na havikutoa neno.

Nyamizi akageuza uso pembeni, asimtazame mkwe wake, akaushika ungo kwa mikono miwili, akaanza kumpepea. Maana aliwaza hivi: ikiwa haiwezi kupita mkononi, labda itapita kwenye upepo. Alikuwa akiitoa pumzi yake tumboni, akiiweka mbele ya ungo na kuisukuma, na makapi yakaruka yakamwangukia Nkwabi kifuani na kwenye kope.

"Sogeeni," akasema. "Mpeni hewa. Mnamzibia."

Watu wakasogea. Hawakuelewa kuwa anaiombea njia pumzi yake; walidhani upepo wenyewe ndio dawa.

Na Nkwabi akafungua macho. Ilikuwa kidogo tu, kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Kitu cha kwanza alichokiona ni mama mkwe wake amesimama mbele yake. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, mtu yule mwenye mdomo usiolala, aligeuza uso upande wa pili kwa heshima. Upepo ukampita juu ya sikio. Hakugeuka tena.

Nyamizi hakujua, kwa sababu hakuwa akitazama. Aliendelea kupepea mpaka Mbuke alipomshika mikono. Alipoushusha ungo, yeye naye alikuwa anahema, kifua kikipanda na kushuka. Ile ya mwisho iliyokuwa imebaki kijijini petu ilikwisha kumwagwa juu ya makapi.

Manju alirudi kwao, nyimbo zikabaki. Mbuke hakumwita Luhende kaka tena. Alimwita kwa jina, kama mtu baki. Luhende alijifunga kamba za magome mbavuni, akalala chali na jiwe kifuani, akainama alipotembea, ili ishuke. Haikushuka. Alikuja kufa na kifua kilekile kikimbana, na hapakuwa na wa kumwekea mkono.

Na tangu siku hiyo pumzi ya mwanadamu hukaa juu, karibu na mlango, tayari kuondoka. Mtazame mtoto mchanga aliyelala: tumbo lake ndilo hupanda na kushuka, kifua kimetulia, kwa kuwa bado hajasikia jina lake likiimbwa. Kisha anajifunza kusimama, tunampigia makofi, simama dede, simama dede, anainua kifua atutazame, basi, tumeshampoteza. Wapo vijana mjini, wavaa nguo nyeupe zenye mkanda, wanaojifunza kupigana kwa mikono mitupu. Niliwachungulia dirishani. Mwalimu wao aliwagusa chini ya kitovu akasema, "Pumua hapa, nguvu iko hapa." Nikatamani kumwambia, ilikuwa hapo, ndugu yangu, ilikuwa hapo. Halafu wakarusha ngumi, na wote kwa pamoja wakasema haa.

Na ndiyo maana mtu akizimia sokoni, au msibani, au kanisani, sisi wenye viganja viwili kila mmoja hatujui pa kuviweka. Tunamzunguka. Mmoja anasema sogeeni, mpeni hewa. Mwingine anavua kanga, au anachukua ungo, au jalada la daftari, anapepea. Tunampa ya nje kwa sababu ya ndani hatuna.

Yote niliyosema niliyaona kwa macho haya, isipokuwa moja. Nkwabi hakufungua macho. Hakuona mtu wala hakugeuza uso, alikuwa amekwisha kwenda kabla ungo haujainuliwa. Hilo la macho nimelitia mimi, kwa sababu kila nilipoyasimulia haya bila hilo, mtu aliniuliza: basi tunapepea nini?