Hamsini Kamili ya Dokta Mwaipungu

Palikuwa na mkuu wa karakana katika chuo kimoja cha sayansi na uhandisi. Jina la chuo naliacha, maana nina mpwa wangu anasoma pale. Huyo mkuu aliitwa Dokta Mwaipungu. Tumbo mbele, miwani juu ya paji la uso, na amri moja tu: kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza achukue kipande cha chuma, akibane kwenye jiliwa, akipige tupa, akikwangue kwa mkono mpaka kiwe mchemraba wa milimita hamsini kila upande.

"Hamsini kamili," alisema. "Kikizidi sehemu moja ya mia ya milimita, umefeli. Kikipungua, umefeli. Na aliyefeli sisaini barua yake ya mafunzo kwa vitendo."

Jamani! Sehemu ya mia ya milimita! Unywele wa kichwa chako uupasue mara saba, ndipo uipate hiyo.

Na waliofeli mnajua walipelekwa wapi? Nyumbani kwa Dokta. Alikuwa na mabwawa matatu ya samaki na kuku mia nne. Wanafunzi walibeba ndoo za maji wiki nane, naye kwenye daftari zao za mafunzo akaandika "haidroliki". Waliowasha makaa kwenye banda la vifaranga akawaandikia "uhamishaji wa joto". Mtu anarudi chuoni ananuka perege, eti mhandisi mtarajiwa. Miaka sita hakuna aliyefikia hamsini kamili, na samaki wa Dokta walizidi kunenepa.

Mwaka wa saba akaingia Sikudhani, binti wa fundi baiskeli. Mfukoni hana kitu, lakini ulimi, salale! Binti huyo alikuwa amekubaliwa kufanya mafunzo kwenye mtambo wa umeme wa maji huko milimani. Nafasi ilikuwa moja tu, na barua iliyosainiwa ilitakiwa ifike Jumatatu. Isipofika, anapewa mwingine. Tangu shule ya msingi alitamani kuiona mashine ile inayozungushwa na maji, na sasa kati yake na mashine alikuwa amesimama Dokta Mwaipungu. Akapiga tupa siku kumi na moja, viganja vikajaa malengelenge.

Ijumaa, saa saba mchana, bati la karakana linalia kwa jua, Sikudhani akaweka chuma chake mezani. Darasa zima likamzunguka. Dokta alikuwa na jagi la maji ya barafu, anakunywa peke yake. Akakibana chuma kwenye maikromita yake ya kupimia, akashusha miwani.

"Hamsini nukta sifuri moja. Umefeli. Jumatatu njoo nyumbani na ndoo yako."

"Shikamoo tena, mkuu. Naomba kuuliza. Hiyo hamsini uliyoitaka, ni ya asubuhi au ya mchana?"

"Hamsini ni hamsini, binti! Tangu lini ikawa na asubuhi?"

"Chuma kikipata joto hufanya nini, mkuu?"

"Hutanuka. Nimewafundisha mwenyewe, wiki ya tatu."

"Nilikuwepo, kiti cha mbele kabisa. Na hapa ndani pana joto au pana baridi?"

Dokta akajifuta jasho shingoni. Halafu akagundua kwamba amejifuta, akaficha leso.

"Usinichezee! Mimi nimeshika tupa kabla baba yako hajaota ndevu."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, mkuu. Angekuwepo fundi mkubwa zaidi, ningemuuliza yeye."

Watu wakaguna. Hapo Dokta akapandwa na hasira, na hasira hasara.

"Sikiliza! Sijali asubuhi, sijali mchana. Chuma hiki kikisoma hamsini kamili mbele ya macho yangu na ya hawa wenzako, nasaini papo hapo. Kisiposoma, ndoo!"

"Wenzangu, mmesikia?"

"Tumesikiaaa!"

"Asante, mkuu." Na kabla Dokta hajafumba mdomo, chubwi! Binti amekitumbukiza chuma ndani ya jagi.

"Wewe! Maji yangu ya kunywa!"

"Kivumilie kidogo, mkuu. Kinajifunza haidroliki."

Darasa likaangua kicheko. Dokta alitaka kunyanyuka, lakini neno lilikuwa limeshamtoka, na mashahidi walikuwa arobaini. Wakasubiri. Sikudhani akakitia kidole, akakigeuza, akakitoa, akakipangusa kwa kanga yake vizuri.

"Pima, mkuu."

Dokta akapima. Akavua miwani, akaifuta, akapima tena. Akapima upande wa pili, akapima wa tatu.

"Kinasoma ngapi, mkuu?"

Dokta akainong'oneza maikromita.

"Hatusikii huku nyuma!" akapiga kelele mmoja.

"Hamsini," Dokta akasema kwa sauti ya mgonjwa.

"Hamsini na nini?"

"Hamsini kamili."

Vifijo! Sikudhani akatandaza barua yake mezani, akaweka na kalamu juu yake. 

Lakini mkubwa hashindwi kirahisi. Dokta hakuigusa kalamu. Alikifumbata kile chuma kwa viganja vyote viwili, akakikandamiza tumboni, akaanza kuhutubia habari za nidhamu na heshima kwa walimu. Akahutubia robo saa nzima, chuma kimo viganjani, jasho linamchuruzika. Alipomaliza akakirudisha kwenye maikromita, akatabasamu mpaka gego likaonekana.

"Hamsini nukta sifuri moja! Haya, binti, si hicho kimezidi? Sema sasa!"

Sikudhani akamsogezea kalamu.

"Chuma changu umekisoma mwenyewe, mkuu, kilikuwa kamili. Hapo kilichozidi ni mkono wako, na kama nao unataka niupunguze, tupa ninayo."