Kinu Ambacho Mama Hakukigawa

Nikuulize wewe uliyevaa tai nyekundu hapo mstari wa tatu: ukifa kesho, mali yako unamwachia nani? Usiniambie "watoto." Yupi? Mwenye nguvu leo, au yule atakayeanguka keshokutwa? Unamjua? Haya, mtaje!

Kulikuwa na mama mmoja mjane mwenye kinu cha kusaga unga pale njia panda. Injini moja ya dizeli, ikikohoa asubuhi kijiji kizima kinaamka. Kwa kinu hicho alisomesha watoto watatu. Akafa. Matanga yalipokwisha, wakili akafungua wosia mbele ya ukoo, na watoto wameshagawana vichwani mwao: wa kwanza injini, wa pili mawe na mkanda, kitindamimba mabati ya banda. Msicheke. Nyie hapa mnagombania kabati la marehemu mpaka kila mtu anaondoka na mlango wake.

Wakili akasoma: "Kinu changu simgawii mtu. Nakikabidhi kwa wadhamini wawili, mwenzangu wa kwaya na yule anayekiendesha. Kiendelee kusaga. Kinachopatikana wampe yeyote kati ya watoto wangu, kidogo au kingi, kadiri watakavyoona shida yake. Hakuna mwenye fungu."

Kifunguamimba, jitu la kifua, akaruka juu.

"Excuse me! Mimi first born, nikapige magoti kwa huyu mwenye unga kwenye nyusi? Equal shares, full stop!"

"Mwanangu," yule mama wa kwaya akamjibu, "hujaambiwa upige magoti. Umeambiwa useme shida. Una shida?"

"Mimi? Shida? Mimi?"

"Basi kaa chini, chai inapoa."

Mwaka ule wadhamini wakampeleka kitindamimba kunyooshwa mguu uliopinda tangu azaliwe. Kaka mkubwa akanuna. Alianza kubeba mahindi yake mpaka kinu cha ng'ambo ya mto, makusudi kabisa, na anapopita njia panda na gunia begani anapiga mluzi ili aonekane.

Halafu, wapendwa, figo zake zikagoma. Jitu lile la kifua! Kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Gari likaenda, ng'ombe wakaenda, marafiki wakawa hawapatikani kwenye simu. Siku moja akaja njia panda akijishikiza ukutani. Hakuthubutu kuingia. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama," akamwambia yule wa kwaya, "nimekuja... nimekuja kusema shida."

"Tumeiona kabla hujaisema. Hospitali wameshalipwa mpaka mwisho wa mwezi. Na mwezi ujao, si unasikia kinu kinasaga?"

Akalia kama mtoto. Akauliza swali moja tu: "Kwani mama aliandika jina langu?"

Mwendesha kinu akazima injini ili asikike. Unga uko vilevile kwenye nyusi. "Hakuandika jina la mtu, kaka. Ndiyo maana lako limo."

Ndugu zangu, mwili hausisimki? Mimi husisimka kila nikiisimulia. Yuko kaburini, hakujua ni nani ataanguka wala lini, na bado mkono wake ulifika kwa wakati! Angempa injini siku ile, si angeiuza kwa rimu mpya za gari? Nimekaa chuo miaka minne, nina degree inayolala sandukuni, na hakuna profesa aliyenifundisha hekima ya huyo mama mwenye kinu. Hivyo ndivyo Mungu alivyotuandikia sisi. Neema haina fungu la mkubwa. Ina mwenye shida. Leo ni mwenzako unayemcheka mguu. Kesho ni wewe mlangoni.

Lakini tusisahau jambo moja. Hiari yote ilikuwa mikononi mwa watu wawili. Wangeweza kusema, "Hatujaona shida yoyote," wakajilia wenyewe. Nani angewauliza?

Mimi nauliza. Wazee wa baraza, msiangalie saa, mahubiri hayajaisha. Marehemu mzee wetu fundi seremala alituachia karakana nzima, misumeno na randa zake zote, iwafae vijana wa kanisa hili "kadiri baraza litakavyoona." Miaka sita ina kufuli. Mmejaza viti vya harusi. Vijana wamejaa hapo nje ukutani, mnawapita kila Jumapili mkiingia, wengine ni wanenu. Aliandika mtakavyoona. Hakuandika mfumbe macho!

Ufunguo uko mfukoni mwa nani? Asimame. Hatusemi Amina hapa. Tutaisemea karakanani, mlango ukiwa wazi.