Alipolala Mtu Ndipo Anapolipa

Zamani, Jumbe Mvungi wa Kisuvi alisikia kwamba Kidawa, mfinyanzi wa kijijini mwake, alikuwa akivuka mto kuuza vyungu katika nchi ya Mfalme Chandu. Akamwita barazani.

"Nusu ya ulichopata huko ni yangu."

"Jumbe, Chandu amekwisha kunitoza ushuru. Nikikupa nusu, wanangu watakula nini?"

"Watakula vyungu! Sheria ni hii: alipolala mtu ndipo anapolipa, hata mali yake iwe mbinguni."

Wazee wakacheka ili wampendeze. Kidawa akainama. "Sheria nzuri, bwana. Inamhusu kila mtu?"

"Kila mwenye kope!"

Kidawa akalipa. Mwezi ule Chandu alikuwa akimwoza binti yake. Kidawa alipopeleka vyungu vya karamu, alizungumza na mfalme kidogo, kisha akarudi na mwaliko kwa Jumbe na wazee wake.

Jumbe hakuwa mtu wa kukataa pilau. Alikula kama aliyefunga mwaka mzima, akanywa pombe mpaka kilemba kikamwangukia mchuzini, akakoroma pale pale mkekani.

Alipofumbua macho asubuhi, Chandu alikuwa amesimama mbele yake pamoja na askari.

"Umelala kwangu, Jumbe. Nitolee nusu ya ng'ombe wako wote walioko Kisuvi."

"Sheria gani hiyo ya kipumbavu?" Jumbe alifoka.

"Sema tena, bwana, kwa sauti," alisema Kidawa, aliyekuwa amesimama nyuma ya askari. "Wazee wako hawakusikia vizuri."

Jumbe akawatazama askari, akawawaza ng'ombe wake, akarudia neno kwa neno kwamba sheria ile ni ya kipumbavu.