Yermolai Mabega na Kengele ya Vetluzhin

Sogeeni jikoni mpate joto, enyi wana wa ukingo wa Volga, niwasimulie ya zama za babu wa babu zetu, Urusi ilipokuwa mali ya mfalme mmoja, na mkulima aliuzwa pamoja na ng'ombe aliyemkamua. Ndipo alipozaliwa Yermolai mwana wa Prokhor, mwana wa Afanasi, wa ukoo wa wavuta mashua, watu waliofungwa kamba vifuani wakaburura ngano ya mabwana kinyume cha mkondo. Walimwita Mabega, kwa kuwa siku wenzake walipoanguka kwa njaa, aliivuta mashua peke yake mpaka gatini, na mwenye shehena akalia kwa woga.

Mji wetu wa Vetluzhin ulikuwa na kengele ya baraza. Ilipolia, mtawala alitoka kuwajibu watu. Mfalme akaichukia, akaamuru ichapwe viboko kama mhalifu, na ulimi wake, chuma kinachoigonga ndani, ung'olewe utupwe mtoni. Msicheke. Mfalme anayeichapa shaba viboko ni wa kuogopwa sana.

Yermolai akazama chini ya barafu, akauibua ulimi ule ambao fahali wawili wasingeuburura, akaurudisha mahali pake. Kengele ikalia, askari wa mfalme wakatupa bunduki, liwali wake aliyetawala mji akatoroka amevaa joho la mkewe. Mabega akakalia kiti chake, akagawa ardhi, akawafundisha kusoma binti za wavuta mashua, kisha akatamka mbele ya umma: "Atakayeketi hapa, kengele ikilia, atatoka kichwa wazi. Asiye na jibu aondoke."

Majeshi ya mfalme yakarudi, vita vikala chakula. Yermolai akatuma askari vijijini kuchukua nafaka kwa nguvu, wakachukua hata mbegu. Watu wakanung'unika kimya kimya, kwa kuwa sasa walimwogopa yeye.

Ndipo asubuhi moja ya baridi kali Glikeria, mjane wa mtu aliyefia kwenye kamba ubavuni mwa Yermolai, akapanda mnarani akaipiga kengele. Askari wakaomba ruhusa wamshushe.  Mabega akavua kofia, akaiweka kitini, akatoka.

"Bwana wa zamani alikula mavuno yangu," alisema Glikeria. "Wewe umekula mwaka wangu ujao."

Mabega yale ambayo mto haukuyainamisha, yakainama.

"Sina jibu, mama."

Akaamuru mbegu zirudishwe. Gunia la Glikeria akalibeba mwenyewe hadi mlangoni kwake, kisha akajifunga kamba ya kale kifuani, akatembea juu ya mto ulioganda, kinyume cha mkondo, theluji ikafuta nyayo zake. Kaburi lake hatulijui.

Kofia ile ingalipo kitini. Wametawala wema na waovu baada yake, na kila mmoja lazima aiinue kwa mikono yake mwenyewe, mbele yetu sote, kabla hajaketi. Sisi huitazama mikono hiyo. Ambaye yake haitetemeki, tunaanza siku hiyo hiyo kukagua kamba ya kengele.